Uongo wa kwenye muvi una fundi wake

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita uliwapa Bongo Movie kipigo cha haja. Mwandishi aliyataja aliyoyaona: dada analala na wigi, kope bandia na rangi ya mdomo, asubuhi anaamka navyo vile vile, mgonjwa mahututi ana dripu iliyobandikwa plasta juu ya ngozi, na mpira wake mkavu, mgeni analetewa juisi kwenye trei, anapiga funda moja, anaaga. Yote kweli, na waliofanya hivyo wamestahili kuchekwa. Ila alimalizia kwa kusema wenzetu wa Marekani, India na Korea wanaonyesha maisha yalivyo, na hapo sisi tunaofanya kazi ya sauti, taa na kamera tunaomba nafasi. Hakuna anayeonyesha maisha yalivyo. Kila nchi ina uongo wake wa kwenye muvi, na karibu kila uongo una sababu ya kiufundi, ya bajeti au ya sheria. Wazoefu wanajua kwa nini wanadanganya. Wengi wetu tunaiga tu. Upo pia uongo wa aina ya pili ambao mtazamaji anatoka nao kibanda umiza na kwenda kuutumia barabarani au ufukweni. Huo tumeuacha uje mwishoni, kwa sababu unaua watu.

Tuanze na meza ya chakula. Familia ya watu sita kwenye tamthilia inakaa pande tatu za meza, upande wa nne mtupu. Nyumbani kwako nani anakaa hivyo? Upande ule ni wa kamera. Mtu akiwekwa pale mgongo wake unawafunika wenzake, na kila kamera ikigeuzwa inabidi taa zote zihamishwe. Lipo na jambo la mstari. Wazungumzaji wawili wakitazamana, chora mstari kichwani kutoka macho ya huyu hadi macho ya yule, kisha kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, aliyekuwa akitazama kulia ataonekana anatazama kushoto, na wote wawili watakuwa kama wanaongea na ukuta. Ndiyo maana chakula cha mkekani, watu wameketi duara kuizunguka sinia, huwatoa jasho waongozaji wetu. Dawa yake ni kuchagua wawili wenye maneno mengi, kufuata mstari wao peke yao, na hao wengine kuwaonyesha mikono na migongo.

Kwenye meza hiyo hiyo hakuna anayekula. Tukio moja hurudiwa mara nyingi, kila upande wa kamera na marudio yake. Mwigizaji akimeza tonge kila mara atavimbiwa kabla ya saa sita, na sahani iliyokuwa nusu itaonekana imejaa katika picha inayofuata. Kwa hiyo anaufinyanga ugali, anaongea, anaufinyanga tena. Anayetaka kula kweli aandike kwenye muswada ni neno lipi mkono unapanda mdomoni, alirudie hapo hapo kila mara, na awepo mtu na ndoo ya kutemea. Kikombe cha chai kitupu kinajulikana kwa jinsi kinavyonyanyuliwa. Tia maji ya mililita 150 na mkono utajirekebisha wenyewe. Begi la safari lijazwe nguo au magazeti ya kilo nane mpaka kumi. Hili la mabegi mapya yanayotupwa kwenye buti kwa vidole viwili halina kisingizio cha bajeti.

Simu nayo. Kwenye muvi za Kimarekani mtu anapokea, anasema neno moja, anakata. Kwaheri hamna. Mfanyie hivyo shangazi yako uone kama hutaitiwa kikao cha ukoo. Sababu ni hesabu: ukurasa mmoja wa muswada huchukua takriban dakika moja kwenye kioo, hivyo filamu ya dakika 90 ina kurasa kama 90. Salamu yetu kamili, shikamoo mpaka watoto hawajambo na mzee anaendeleaje, inakula robo ukurasa, yaani sekunde 15. Hadithi ikiwa na simu na wageni kumi, dakika mbili na nusu zimeteketea na hakuna kilichotokea. Hapa mwandishi wenu alikuwa na haki kulalamikia lile tukio letu maarufu la geti: honi, mlinzi anatoka, anafungua, gari linaingia, linapaki, mlango unafungwa, mtu anatembea mpaka sebuleni. Lilizoeleka enzi za DVD, hadithi moja ilipokuwa ikiuzwa sehemu ya kwanza na ya pili na dakika zilipaswa kujaa. Lakini msituambie tukate na shikamoo. Kijana akiingia sebuleni kwa mzee bila kuamkia, mtazamaji wa Kiswahili anaelewa papo hapo kwamba kuna ugomvi. Kata geti, acha shikamoo.

Kingine kwenye simu ni namba. Namba za muvi za Kimarekani huanza na 555, na za kubuni zimetengwa rasmi kuanzia 555-0100 hadi 555-0199. Uingereza nayo ina fungu la London la 020 7946 0000 hadi 0999. Zilitengwa kwa sababu namba yoyote ikionekana kwenye kioo watu huipiga, na mwenye namba hiyo hapati usingizi. Mtayarishaji wa hapa asiye na fungu kama hilo afanye rahisi: anunue laini, aisajili kwa jina lake, aitumie kwenye picha zake zote. Na simu ya mwigizaji iwekwe hali ya ndege. Tumeona mara nyingi mno mtu yuko katikati ya kilio simuni, kioo kinawaka shavuni na kuonyesha picha ya mtoto wake badala ya simu inayoendelea. Mbaya zaidi, inaita.

Sasa sauti, ambayo ndiyo duka kuu la uongo. Ngumi ya kweli hailii. Nyama juu ya nyama hutoa kishindo kidogo kilichofifia, na kamera ikiwa mita nne mbali maiki haisikii kitu. Ngumi ya sinema hutengenezwa chumbani kwa tabaka tatu: bonge la nyama ya ng'ombe linalopigwa ubao kwa ule uzito wa chini, glavu ya ngozi kwa mlio wa kati, kabichi linalotobolewa kwa ngumi kwa ule mpasuko wa juu. Maiki inakaa sentimita 30 mpaka 50. Mfupa ukivunjika, ujue ni karoti mbichi iliyoviringishwa kitambaa cha majimaji na kukunjwa ghafla. Nyayo kwenye theluji ni mfuko wa wanga wa mahindi unaominywa. Kwato za farasi ni vifuu viwili vya nazi juu ya kisanduku cha mchanga, na ajabu ni kwamba sisi wa Pwani, tuliojaliwa vifuu, tunakwenda kupakua sauti hiyo kwenye intaneti. Kazi hii Wamarekani huiita kwa jina la Jack Foley, aliyeianza studio ya Universal mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kusema.

Kinachoharibika kwetu ni kupakua. Mbwa ni yule yule wa muvi kumi, mlango ni ule ule wa mbao nzito hata kama kwenye picha ni wa aluminiamu, na viatu vya mchuchumio vinagonga ko-ko-ko juu ya zulia. Kurekodi nyayo za tukio la dakika tatu ni kazi ya saa moja. Zima feni na friji, tandika kitu kinachofanana na sakafu ya kwenye picha, vaa viatu vyenyewe, tazama kioo na utembee papo hapo ulipo. Makosa ya wanaoanza ni mawili: kukanyaga kwa nguvu sawa kila hatua, na kusahau nguo. Kanga au koti linalosuguana wakati mtu anatembea ndilo linalomfanya aonekane ana mwili.

Wazungu nao wana aibu zao. Filamu za Tarzan za miaka ya 1930, zinazodaiwa kuwa ni msitu wa Afrika, zina ndege anayecheka kwa kelele kila stelingi anaporuka kwenye kamba. Ndege huyo ni kukabara, jamii ya mdiria, na makazi yake ni Australia. Tembo wa humo walikuwa wa Asia waliobandikwa masikio makubwa ya bandia, maana ndio waliopatikana wamefunzwa. Na tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya Marekani yenyewe, ana sauti nyembamba ya kulialia isiyolingana na sura yake. Kwenye muvi humuazima mwewe mwenye mkia mwekundu yule mlio mkali wa kushuka. Mtu aliyekulia karibu na hifadhi anaweza kuuliza kwa nini tusicheke na hilo.

Bunduki yenye kizuia sauti ya kwenye muvi hutoa mlio mdogo wa "fyu" na jirani hazinduki. Mlio wa risasi hufika desibeli 160 hivi. Kile kifaa hupunguza 20 mpaka 35. Inayobaki bado inaumiza sikio, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti ina mlio wake angani ambao kizuizi hakiugusi. Matairi yanayolia barabara ya changarawe hayahitaji maelezo. Radi na ngurumo kwa pamoja ni uongo ambao walau una hesabu ya kumfaa mvuvi na mkulima: mwanga unafika papo hapo, sauti inatumia sekunde tatu kila kilomita. Hesabu sekunde tangu mmweko, gawa kwa tatu upate kilomita. Sekunde zenyewe zikiwa chini ya 30, kabla ya kugawa, ondoka shambani au majini.

Disko ni mtego mwingine. Wapenzi wanaongea taratibu katikati ya muziki na wanasikilizana. Siku ya kupiga picha muziki huzimwa, wacheza wanacheza kimya wakiwa na soksi juu ya viatu, na wimbo huwekwa baadaye. Ukirekodiwa pamoja na maneno, kila unapokata picha wimbo utaruka. Wazoefu hupiga mdundo mzito wa hertz 40 hivi kupitia spika kubwa, ili wacheza wasipoteze mwendo, halafu fundi sauti anaukata bila kugusa maneno kwa kuwa sauti ya mtu iko juu ya hapo. Lakini mdundo haumkumbushi mwigizaji kupaza sauti. Lazima mwongozaji amwambie aongee kama anayeshindana na spika, hata anapoona chumba kimya na anajisikia mjinga. Asipofanya hivyo hakuna fundi atakayemwokoa.

Usiku wa kwenye muvi ni wa buluu na barabara zake daima zimelowa, hata hadithi ikiwa haina mvua. Mbalamwezi ni mwanga wa jua uliogonga mwezi ukarudi, haina ubuluu huo. Ni jicho letu linalopoteza wekundu kwanza giza likiingia, na wapiga picha wakalitia chumvi. Maji barabarani yana kazi: lami kavu inameza mwanga, iliyolowa inaurudisha, kwa hiyo taa mbili zinafanya kazi ya sita. Boza la lita 5,000 linatosha kipande kifupi cha barabara, ila kwa joto letu linapaswa kurudia kumwaga kabla ya kila pigo la kamera, na asubuhi majirani wanauliza maji ya kumwaga lami yanatoka wapi wakati wao wana mgao.

Asiye na taa wala boza anaweza kupiga usiku mchana, njia ya zamani kabisa ambayo Wafaransa huiita usiku wa Kimarekani. Subiri jua la saa tisa alasiri au zaidi, liwe nyuma ya waigizaji ili liwachore ukingo wa nywele na mabega. Weka kamera kwenye rangi ya taa za ndani, yaani kelvini 3200, huku ukiwa nje juani. Kila kitu kitageuka buluu. Punguza mwanga kwa hatua moja na nusu hadi mbili. Usionyeshe mbingu hata kidogo, kwa sababu mbingu nyeupe ndiyo inayofichua siri, pamoja na kivuli kifupi cha saa sita na taa za gari ambazo juani hazionekani zimewaka.

Na mistari ile myeusi inayopanda kwenye picha zilizopigwa ndani ya duka lenye tyubulaiti? Umeme wetu ni wa hertz 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera nyingi za simu zimepangwa kwa Marekani, fremu 30 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sehemu moja ya 60 ya sekunde. Weka fremu 25 na kasi ya 1/50. Ukitaka fremu 24 za sinema, kamera inayopima shata kwa nyuzi badala ya sekunde iwekwe nyuzi 172.8, itatoa 1/50 ile ile. Kwenye jenereta angalia upya, maana likibebeshwa mzigo hertz hushuka na mistari inarudi.

Tukifika kwa mtoto mchanga mwandishi wenu atatusamehe, kwani hili haliponi popote duniani. Mama anashika tumbo, chupa inapasuka sokoni, dakika mbili baadaye anazaliwa mtoto mnene, msafi, anayetazama kamera. Katika hali halisi ni kama mwanamke mmoja kati ya kumi anayepasukiwa chupa kabla ya uchungu kuanza, na uzazi wa kwanza ukishaanza mara nyingi huchukua saa 12 na kuzidi. Unene wa mtoto ni wa kisheria. California, ziliko studio za Hollywood, mtoto wa chini ya siku 15 haruhusiwi kabisa kazini. Kuanzia hapo hadi miezi sita anaweza kuwepo eneo la kazi saa mbili kwa siku na kupigwa picha dakika 20 tu. Ndiyo maana hutafutwa mapacha ili wapokezane, wakapakwa jeli na jibini laini wafanane na waliotoka tumboni sasa hivi. Hapo uongo una heshima zaidi kuliko ukweli. Tungependa kuona watayarishaji wa hapa, ambao tumewaona wakimlaza kichanga chini ya taa za wati elfu moja mpaka kimelia sauti ikakauka, wakijiwekea dakika 20 hizo.

Damu ya bandia tuitaje kwa haraka, kwa kuwa makala yenu iliicheka ile inayofanana na Vimto. Chemsha vikombe viwili vya sukari na kikombe kimoja cha maji mpaka vinate, acha ipoe, tia kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, nusu kijiko cha kakao kuondoa ule mng'ao wa peremende, na tone moja la buluu. Kwa damu ya kwenye nguo ongeza tone la sabuni ya vyombo ili ifulike. Ya mdomoni isiwe na sabuni. Nzi watakuja. Funika bakuli.

Sasa ule uongo wa pili.

Gari la kwenye muvi likigonga mti linalipuka. Likipigwa risasi linalipuka. Petroli ya maji haiwaki; kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 au juu ya 7.6 hivi hauwaki. Ndani ya tangi lililofungwa mvuke umezidi, ndiyo maana mafundi wa milipuko hulitoa tangi kabisa na kuweka baruti chini ya mifuko ya petroli, ili itawanyike hewani na kutoa lile pipa la moto wa rangi ya chungwa lenye moshi mweusi. Madhara ya uongo huu tunayaona kila ajali ikitokea: watu wanamvuta majeruhi mikono na miguu "gari lisije likalipuka", na mwenye shingo iliyovunjika anamalizwa na waokoaji. Kama hakuna moto, moshi, wala harufu ya mafuta yanayovuja, zima swichi ya gari, weka alama barabarani, mshike kichwa asikigeuze, muongeleshe, piga 114 ya Zimamoto au 112.

Nusu ya pili ya uongo huo ni mbaya zaidi. Kwenye muvi petroli iliyomwagika chini ni mstari mwembamba, stelingi anatupa kiberiti, moto unaufuata mstari taratibu naye anatembea kwenda zake bila kugeuka. Mtazamaji anajifunza kwamba mafuta yaliyomwagika ni salama mpaka mtu ayawashe kwa makusudi, na kwamba yakiwaka kuna muda wa kukimbia. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu na zaidi kuliko hewa. Hautapanda, unatambaa chini, unajaza mtaro na mabonde mbali na pale mafuta yalipo, na hauonekani. Cheche moja ya betri, ya bodaboda inayowashwa au ya chuma kwenye jiwe, inauwasha wote kwa wakati mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sachangwan nchini Kenya, Januari 31, 2009, na Msamvu mjini Morogoro, Agosti 10, 2019, malori ya mafuta yalianguka, watu wakaenda na madumu. Kila mahali walikufa zaidi ya 100. Hatusemi muvi ndiyo iliyowaita pale, waliitwa na ukata. Tunasema hakuna muvi hata moja tuliyowahi kuitengeneza au kuiona iliyowaonyesha watu moto wa petroli unavyokwenda. Ukisikia harufu, geuza, nenda upande upepo unakotoka na penye mwinuko, na pikipiki iliyo karibu isipigwe kiki.

Kuzama majini. Wa kwenye muvi anapunga mikono, anapiga kelele za kuomba msaada, anazama, anaibuka, anapiga tena. Anayefanya hivyo bado ana nguvu. Anayezama kweli yuko kimya, kwa sababu mdomo unapoibuka una nafasi ya kuvuta pumzi tu, na mikono inasukuma maji kwa pembeni bila yeye kuiamuru. Amesimama wima, hapigi miguu, kichwa kimelala nyuma, nywele usoni, macho hayatazami mahali. Ana sekunde 20 mpaka 60. Wazazi wanaokaa Coco Beach au Ziwa Victoria wakisubiri kelele wataisubiri bure. Ukiona mtoto aliyekuwa akipiga kelele amenyamaza, ndipo uinuke. Usimfuate kwa mikono mitupu, atakupanda mabegani. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linambeba mtu mzima akilikumbatia. Lifunge kamba, litupe limpite kidogo, kisha vuta. Akitolewa bila pumzi usimgandamize tumbo wala kumning'iniza kichwa chini ili atapike maji kama stelingi. Anza na pumzi za mdomo, maana hewa ndiyo iliyokosekana, kisha kifua.

Na kifua ndiyo hitimisho la kila tamthilia ya hospitali. Mstari kwenye mashine umenyooka, daktari anapiga shoti, mgonjwa anaruka, anafumbua macho, anamtaja mkewe. Mashine ile hutumika moyo unapotetemeka bila mpangilio, ili usimame na kuanza upya. Mstari ukiwa umenyooka hakuna cha kupangwa upya, na kinachofanyika ni kukandamiza kifua na kuchoma adrenalini. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu ya tamthilia za televisheni: waliofanyiwa ufufuaji humo, 75 kati ya kila 100 waliamka. Mitaani huko huko Marekani, moyo ukisimamia nje ya hospitali, wanaopona wako karibu na 10 kati ya 100, na nafasi ya kupona huongezeka pale aliye karibu anapoanza kukandamiza bila kungoja.

Anaanzaje, ikiwa alichokiona maisha yake yote ni viwiko vilivyokunjwa vikibonyeza kidogo? Waigizaji hukunja viwiko kwa sababu aliyelala pale ni mzima, na ukandamizaji wa kweli unaweza kumvunja mbavu. Wa kweli ni viwiko vilivyonyooka, mabega juu ya mikono, katikati ya kifua, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, 30 kwa pumzi mbili kwa anayejua kupuliza.

Ombi letu kwa ukurasa wenu ni kwamba mkitazama muvi ijayo, muiache wigi ya kulalia ijitetee yenyewe na muandike kifua kilivyokandamizwa. Na kwa waongozaji, kulipiga tukio hili vizuri kunahitaji mwanasesere mmoja wa mafunzo ya huduma ya kwanza. Picha pana ipigwe nyuma ya mwokoaji, mgongo wake ufunike mikono, mwigizaji aliyelala asiguswe, na mwokoaji akandamize godoro pembeni yake. Picha ya karibu ya mikono ipigwe kwa mwanasesere. Fundi sauti amchezee mwokoaji sikioni mdundo wa 110 kwa dakika. Baada ya dakika mbili apokelewe na mwingine, kwa kuwa mtu huchoka na kina hupungua. Shati liwe lile lile, na kama mwigizaji ametoka baharini, la mwanasesere nalo liloweshwe.

Mafundi wa sauti, taa na kamera,
Sinza, Dar es Salaam